Kadi Niliyovaa Kule Bwera

Sikusoma, lakini mashine ya kusaga mahindi pale Kinyamaseke niliinunua kwa jasho langu. Unga ulikuwa umejaa stoo bila mnunuzi, nikajiunga na chama cha wafanyabiashara. Juzi kikatuita Bwera tukutane na wanunuzi kutoka Kongo. Binti wa mlangoni akaniambia, "Muzee, chukua kadi yenye jina lako hapo mezani." Nimwombe anisomee? Mimi? Nikachukua moja nyekundu, nikaivaa shingoni.

Wee! Watu walinikimbilia. "Muzee, kaa na sisi." "Muzee, ongeza nyama." Tangu mama watoto afariki nakula peke yangu, na siku ile nilicheka mpaka machozi. Hata unga wangu nikasahau kuutaja.

Kisha mwenyekiti akaninyanyua mkono mbele ya wote. "Mgeni wetu wa Butembo, kule Kongo, atuambie atanunua tani ngapi!"

Wakapiga makofi. Ndipo mzee mmoja akasimama kule kona, mahali alipokuwa amekaa peke yake tangu asubuhi bila kusalimiwa na mtu.

"Wa Butembo ni miye," akasema. "Huyu muzee amevaa jina yangu."