Mguu Uliokataa Kupata Joto

Jumapili tulimzika mzee mmoja hapa Nyeri, na najua mnangoja niwaambie ameacha wajukuu wangapi. Hakuwa na hata jino. Alikuwa mtoto mchanga wa kaka yangu, lakini kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, kwa hiyo alikuwa pia baba yangu. Mama alimwita "mume wangu" na kumkaripia kwa kutokwenda kukama ng'ombe. Mimi nilimwomba ruhusa nisiende shule. Akapiga chafya, nikahesabu amekubali.

Asubuhi moja shemeji, akimbadilisha nepi, alisema, "Mama, mguu yake hii moja iko baridi sana."

"Si ni Julai? Ati unataka iwe moto kama ya Mombasa? Muongeze soksi."

Akaongezwa. Jioni akaongezwa ya tatu. Nikatangaza kwamba mzee ameanza kuumwa na miguu kama wazee wenzake, nyumba nzima ikacheka, hata baba, ambaye kicheko chake ni cha Krismasi. Kesho yake mguu ulikuwa wa zambarau. Kwenye kliniki nesi alivua soksi zote, akashika miguu yote miwili kwa pamoja, akatuandikia barua ya kwenda hospitali.

Hospitalini daktari alitueleza kwamba damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Hali hiyo humpata hata mtoto mchanga, hasa akikaukiwa maji mwilini au akiwa na maambukizi. Wakampa dawa ya kuzuia donge lisizidi kukua, kidogo kidogo, maana ikizidi angeweza kuvuja damu kichwani.

"Daktari, mguu itabaki?" kaka akauliza.

"Tuombe kwanza abaki yeye."

Donge lilikuwa limeshapanda hadi tumboni. Figo zikagoma, naye akaenda. Kaburini mchungaji alitaja jina la marehemu, majina yote mawili, na baba, mwenye majina hayo hayo, akavua kofia akiwa amesimama mzima mbele ya shimo. Sikupata mzaha wa kusema. Bado sijapata.

Sisi watu wa huku tumelelewa na baridi, tukazoea kuilaumu kwa kila kitu, na dawa yetu ya kwanza ni sufu. Mama alifuma soksi zile kwa upendo, na hakuna wa kumlaumu. Lakini nyinyi mlio na mtoto mchanga nyumbani, mvueni, mshike miguu yote miwili. Baridi ya mlima haichagui mguu. Ikichagua mmoja, hiyo si baridi. Mbebeni mtoto mkimbie.