Swali la Wilda Fugate kwa Mzee Orval

Wilda Fugate alilifanyia mazoezi swali lile garini. Alilisema akipita kanisa la Wabaptisti, akalisema tena akivuka daraja la mbao, na kila mara lilimtoka mdomoni zima, wazi, bila kigugumizi. Tatizo ni kwamba garini hapakuwa na mtu wa kulijibu.

Lilikuwa swali fupi: Umewahi kufikiria kujiua? Alitakiwa kumuuliza Mzee Orval Sizemore, mchimba makaa ya mawe mstaafu aliyeishi peke yake mwisho wa bonde. Tangu amzike mkewe Zella, majani yalipokuwa yakipukutika, mzee huyo alikuwa akikonda watu wakiona. Daktari wa zahanati aliingiwa na wasiwasi, akaomba idara ya ustawi wa jamii imtembelee. Wilda, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, alikuwa akifanya mafunzo kwa vitendo katika zahanati hiyo, na kazi ikamwangukia yeye.

Darasani alikuwa ameshalikosea mara moja. Dkt. Halvorsen, mwalimu wao, mwanamke mrefu kutoka Minnesota asiyejua kupaza sauti, aliwapanga wawiliwawili, mmoja awe mgonjwa na mwingine amhoji. Ilipofika zamu ya Wilda, alikohoa, akatazama dirishani, akasema, "Lakini huna mawazo ya kujidhuru, au sivyo?"

"Hilo si swali, Wilda," mwalimu alisema. "Umemtilia jibu mkononi. Kazi yake ni kukurudishia tu."

Vijana wa darasa wakacheka. Wilda, ambaye angeweza kuwa mama yao, alihisi masikio yakimwaka moto.

"Daktari, huku kwetu mzee haulizwi jambo kama hilo. Ni kama kumvua nguo."

"Ndiyo maana tunakosea hapa," alijibu Dkt. Halvorsen, "ili tusikosee nyumbani kwake."

Chuo chenyewe hakikuwa kigeni kwa Wilda. Alikuwa amekijua kuanzia jikoni. Chuo cha Stallard kilianzishwa na mchungaji aliyetaka walimu kwa ajili ya watoto wa milimani, kikaanza na jengo moja la mbao na kengele. Wilda alipoajiriwa huko kupika, bado bibi harusi, wanafunzi wote walienea katika ukumbi mmoja, naye alimjua kila asiyekula vitunguu. Kisha migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine, majirani wakahamia Ohio kutafuta kazi, na katika kupungua kote huko chuo peke yake ndicho kilichozidi kuongezeka. Kilijenga mabweni. Kikafungua masomo ya uuguzi. Uwanja wa besiboli ukageuka maegesho ya magari, na watu wakawa wanatania kwamba mchungaji Stallard akifufuka leo atapotea kabla hajaliona kanisa lake. Mwishowe kikaanzisha mafunzo ya uzamili ya ustawi wa jamii, maana wajane, waliozama kwenye uraibu wa vidonge vya maumivu na watoto waliolelewa na bibi zao walikuwa wengi, na wa kuwashughulikia walikuwa wachache mno.

Wafanyakazi waliruhusiwa kusoma bure. Wilda alimenya viazi asubuhi na kuingia darasani jioni, mwaka hadi mwaka, hata akawa mjane akiwa bado anasoma. Siku aliyoingia ukumbini na kadi ya mwanafunzi wa uzamili, wapishi wenzake walimpigia masufuria.

"Msomi, utakula nini leo?" aliuliza mmoja.

"Chochote ambacho wewe hukukiunguza."

Alicheka pamoja nao, lakini tayari alikuwa na hofu. Viazi ukivikosea, watu wanalalamika, unapika vingine. Hii kazi mpya haikuwa hivyo.

Mzee Orval alimpokea barazani, amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Wilda alishusha pumzi. Alikuwa amejiandaa kukuta nyumba inayonuka na mtu asiyeamka kitandani.

"Wewe ni wa nani, mwanangu?"

"Wa Ottie, Mzee. Wa kule karibu na kinu cha zamani."

"Binti wa Ottie! Mama yako bado ni msumbufu?"

"Amezidi, Mzee Orval. Sasa ana hata simu."

Mzee akacheka, akamkaribisha ndani, akamtilia kahawa na kumkatia mkate wa mahindi alioupika mwenyewe. Walizungumza juu ya mvua, magoti yake na shemasi aliyelala wakati wa ibada. Wilda alimuuliza kama anakula, kama analala, nani humtembelea, kama bado anawinda. Alijibu yote kwa upole. Mpwa wake Denzil, aliyefanya kazi kwenye karakana ya magari ng'ambo ya kilima, hupita Jumapili. Usingizi unakuja ukitaka. Bunduki ya kuwindia bado iko nyuma ya mlango, ingawa siku hizi haendi kuwinda.

Likabaki swali lile. Wilda aliweka kikombe chini. Alimtazama mzee na shati lake la pasi, picha ya Zella juu ya jiko, na ule mkate uliokatwa vizuri kwa ajili yake.

"Mzee Orval," alisema, "naona unajitahidi sana. Huna mawazo mabaya, au sivyo?"

"Mimi? Ah! Hapana, mwanangu."

Kisha akainuka, akafungua friza, mlimokuwa mkihifadhiwa mbegu, na kutoa chupa kubwa ya kioo iliyojaa mbegu za maharage, yale yenye ngozi ya kung'aa ambayo Zella alirithi kwa bibi yake.

"Mpelekee mama yako. Mgeni haondoki kwangu mikono mitupu."

Wilda alijua kwamba chuo hakipendi wanafunzi wapokee zawadi. Alijua pia kwamba kumkatalia mzee wa milimani nyumbani kwake ni kumtukana. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka akiwa mwepesi moyoni. Alifika nusu ya njia akiimba.

Mama yake, Ottie, alipoiona ile chupa mezani nusura adondoshe mwiko.

"Mbegu za Zella Sizemore! Unajua nimeziomba miaka mingapi? Mwanamke yule alikuwa akinihesabia punje kiganjani kama dawa. Akiona nimekunja vidole, anahesabu upya!" Akaiinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa. "Hii ni bustani nzima. Tutapanda hadi uzio wa jirani zetu kina Noble, wajionee wivu."

"Amesema nikuletee."

"Orval ana roho nzuri, si kama marehemu. Wiki mbili hizi udongo ukipata joto, naziingiza ardhini."

Wilda alikuwa akivua viatu. Akasita, kiatu kimoja mkononi. Msimu wa kupanda ulikuwa umewadia. Bondeni kila mtu alikuwa ameshachimbua bustani yake. Nyumbani kwa Mzee Orval bustani ilikuwa imeota magugu. Aliipita akienda, akaipita akirudi, na hakuiona.

"Mama, yeye atapanda nini?"

"Labda amechoka kulima."

"Akichoka kulima atakula kwa nani? Na mbegu za Zella, hakubakisha hata kidogo?"

Ottie aliishusha chupa taratibu. Furaha ilimtoka usoni. Katika milima ile mtu hugawa mbegu, ndiyo, lakini hubakiza zake. Darasani Wilda alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mtu aliyeamua kuondoka duniani huanza kugawa vitu anavyovipenda, na kwamba pengine huonekana ametulia, msafi, mchangamfu. Shati lile la pasi.

Alimpigia simu Dkt. Halvorsen.

"Ulimuuliza?" mwalimu alisema baada ya kusikiliza.

"Alisema hana."

"Wilda. Ulimuulizaje?"

Wilda alikuwa ameshaanza kulia.

"Sawa," Dkt. Halvorsen alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Utalia baadaye, nami nitakaa nawe. Sasa rudi kwake. Ukifika, usimwache peke yake. Mimi namtafuta huyo mpwa na nawaambia zahanati wajiandae. Na safari hii, uliza."

Barabara ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Baada ya daraja simu ilikosa mtandao. Wilda aliendesha akiwa ameubana usukani, akimwomba Mungu, akijilaani, akimwomba tena. Mbele yake alikutana na trekta la mtu asiye na haraka, akapiga honi kama mwendawazimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Aliita, hakuna aliyejibu. Vikombe viwili vilikuwa vimeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa. Alitazama nyuma ya mlango: bunduki ilikuwepo. Akamshukuru Mungu, halafu hofu ikamrudia, kwa sababu mzee mwenyewe hakuwepo.

Alimkuta juu kidogo ya nyumba, kwenye makaburi ya familia, ameketi kwenye kigoda kando ya kaburi la Zella. Kofia ilikuwa magotini.

"Umesahau kitu, binti wa Ottie?"

"Nimesahau, Mzee." Wilda alikaa chini kwenye nyasi, akihema. "Asubuhi nilikuuliza vibaya. Nilikuuliza ili uniambie hapana, kwa kuwa niliogopa. Sasa nakuuliza vizuri. Je, unafikiria kujiua?"

Upepo ulipita kwenye misonobari. Mzee Orval alimtazama, na Wilda akangoja atukanwe, afukuzwe, aambiwe kwamba Ottie amelea mtoto asiye na adabu. Wilda hakuongeza neno. Hilo lilikuwa gumu kuliko kuuliza.

"Ndiyo," mzee alisema.

Halafu akasema, kana kwamba kuna kitu kimezibuka, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Mchungaji alimwambia awe na nguvu. Denzil humwambia anaonekana vizuri. Alikuwa amepanga iwe wiki hii. Nyumba ameshaisafisha, ili asimpe mtu kazi.

Wilda alisikiliza. Alitaka kumwambia kwamba maisha ni matamu, kwamba Zella asingependa, kwamba wapo wanaompenda, na yote hayo aliyazuia mdomoni.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Siondoki. Tunamngoja Denzil, kisha twende sote zahanati, leo hii."

"Na nikikataa?"

"Tutakaa hapa hapa na mimi nitaanza kuimba. Mama anasema ninaimba vibaya kuliko yeye."

Mdomo wa mzee ulicheza kidogo. Si kicheko, ila karibu.

"Huyo Denzil huendesha kama amebeba mayai. Tutazeeka."

"Tuzeeke, Mzee."

Walishuka pamoja hadi barazani. Wilda alikaa kati ya mzee na mlango. Hakujua kama atakubali kuingia garini. Hakujua kama kesho, kesho kutwa, mwezi ujao, atasema ndiyo tena na asiwepo wa kumsikia. Darasani hawakuahidiwa kwamba swali likiulizwa vizuri litamponya mtu.

Pikapu ya Denzil ilisikika ikipanda, kweli polepole. Kijana aliruka nje na ovaroli lake la grisi, uso umempauka, asijue aanzie wapi. Alimtazama Wilda, akamtazama mjomba wake.

Mzee Orval ndiye aliyeanza.

"Denzil, ingia ndani uichukue ile iliyo nyuma ya mlango. Ipeleke kwako uifungie." Akavaa kofia yake, akashika nguzo ya baraza ili ainuke. "Mimi naenda na binti wa Ottie. Utatufuata nyuma."