Upande wa Wanaume

Kila nikinusa matofali yaliyolowa nakumbuka kanisa letu kule Tukuyu, lililojengwa na wamisionari Wajerumani pamoja na babu zetu waliofyatua na kuchoma matofali yenyewe. Kuta zilikuwa nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukaa dirishani, chini ya upinde, bila miguu kuning'inia. Mvua ya kwetu haina adabu. Ikipiga bati, hata mchungaji alinyamaza. Mbele palikuwa na milango miwili, wa kulia wa wanaume, wa kushoto wa wanawake, na ndani njia pana ilitenganisha mabenchi. Hakuna aliyeivuka. Wazee walisema mwacha mila ni mtumwa, nasi watoto tuliamini hata Mungu anatutazama kwa pande mbili.

Mama alifariki wakati wa masika, nikiwa na miaka saba. Jumapili ya kwanza baada ya matanga baba alinisuka nywele mwenyewe, akanisuka vibaya, tukaenda. Mbele ya mlango wa wanawake miguu yangu iligoma, kwa sababu nilijua nafasi ya mama benchini itakuwa wazi. Baba hakunibembeleza. Alinishika mkono, akanipitisha mlango wa wanaume. Mzee wa kanisa aliyesimama pale, rafiki yake wa siku nyingi, akamwambia taratibu, "Baba Tumpe, binti apite kule kwa akina mama."

"Kule hana mtu."

"Akina mama wote ni mama zake, ndugu yangu."

"Najua. Ila leo atakaa na mimi."

Leo hiyo ikawa ya mwaka mzima. Nilikaa katikati ya makoti yanayonuka moshi, gauni pekee upande ule, nimemwegemea baba, najiona malkia. Nilipokuwa mtu mzima ndipo shangazi aliponiambia kwamba mwaka ule baba alikuwa achaguliwe mzee wa kanisa, jambo alilolitamani tangu ujana wake, wakamruka kwa ajili ya benchi lile. Yeye hakuwahi kunitajia.

Siku hizi tunakaa mchanganyiko. Jumapili iliyopita wanangu walimbana babu yao benchi moja, wakigombea kumfungulia kitabu cha nyimbo, na hakuna aliyegeuza shingo. Nilifurahi, tena sana. Wao wanakaa naye bure. Mimi nilikaa naye kwa gharama yake, na mpaka leo sijamwambia ahsante.