Begi la Maua na Begi la Mama Kulwa

Ilianza Jumamosi, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimetoka Kahama mjini na begi jipya la shule, la maua, kutoka lile duka la vitu vya China ambako kila kitu ni bei ya kutupa. Zuri! Zipu zinateleza zenyewe. Shida ni kwamba nilishamwagiza Mama Kulwa, fundi cherehani jirani yetu, anishonee begi la jinzi, na kitambaa ameshakata. Kumwambia silitaki tena, naona aibu hata kuandika. Kwa hiyo nikazunguka nyuma ya nyumba yake, nikapenya kwenye mahindi.

Bibi akaniona. "We Minza! Unanyata huko kama mwizi wa kuku, umeiba nini?"

Nikamweleza. Akalishika begi, akavuta zipu, akairudisha, akavuta tena, akacheka. "Zuri kweli. Haya, kaa hapa, ng'wanawane." Bibi akiacha kuniita mjukuu, akaniita mwanangu kwa Kisukuma, najua maneno yatakuwa marefu.

"Nikiwa kigori kama wewe, kule Tinde, kandambili za plastiki ndiyo kwanza zimeingia mnadani. Nyekundu! Ukizivaa unajiona mtu wa mjini. Nami nilishamwagiza mjomba viatu vya tairi, ameshapima mguu wangu kwa kijiti. Nikanunua zile nyekundu, nikawa naikwepa nyumba yake. Basi siku ya ngoma mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wa mbuga ukilowa unaujua unavyonata. Nikaruka kwa mbwembwe, kandambili moja ikabaki kwenye tope, kamba imechomoka. Watu walicheka mpaka wapiga ngoma wakapoteza mdundo. Nami nikacheka, ningefanyaje?

"Mjomba akatokea na viatu vyangu vya tairi mkononi. Akasema, 'Kununua ungenunua tu, mpwa wangu. Ungekuja uniambie, tairi hii ningemkatia mwingine. Mimi nakungoja, wewe unanikimbia. Nimekukosea nini?' Mwanangu, swali hilo liliniuma kuliko vile vicheko vyote.

"Kwa hiyo sikukatazi maduka hayo. Tochi yangu ni ya huko huko, nani hapa anatengeneza tochi? Lakini ulichomwagiza mtu kwa mdomo wako, kakichukue. Na kama umeghairi, kamwambie usoni kabla hajamaliza nguvu zake. Tena begi la Mama Kulwa likifumuka, utamrudishia yeye. Hilo la maua likifumuka utampelekea nani? Nenda, na Mungu akujalie majirani wanaofurahi wakikuona unakuja."

Usiku sikulala vizuri. Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nikaenda na begi la maua mkononi.

"Shikamoo, Mama Kulwa."

"Marahaba, mwanangu. Ehe, mbona mapema hivi?"

Nikamwambia yote. Akalipindua begi ndani nje, akachungulia mishono, akaguna. "Maua wamepatia. Uzi wameubania! Sasa hili langu nilikate nimshonee mtu mfuko, au vipi?"

"Hapana, Mama. Shona. Hilo la maua nitabebea nguo nikienda Ushetu kwa shangazi."

"Na mfuko wa mbele nikuwekee?"

"Mkubwa," nikasema. "Na zipu mbili."

Akacheka, akanivutia kigoda. Nikaushika upande mmoja wa jinzi, yeye akaanza kukanyaga cherehani.