Shule imemkubali mjukuu wangu, ila mama yake asikanyage pale

Admin nifiche jina, huku Chimala mimi ni mtu mkubwa. Nina miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini mchele wangu unajulikana mpaka Mbeya mjini, na hajazaliwa wa kunidanganya.

Nina binti mmoja, fundi cherehani soko la Mwanjelwa, Mbeya mjini. Anaishi mtaa wa Soweto, hukohuko Mbeya, na mwanawe wa kike, pamoja na mwanamke mwenzake, nimuite Rehema. Mume hana. Nikienda, Rehema ananiwekea paja la kuku, ananiita baba. Sijawahi kuuliza, wala sikutaka kuuliza.

Juzi nimempeleka mjukuu usaili, shule ya kanisa ya bweni huko Iringa. Mtihani kaongoza, damu yangu hiyo. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, akamwuliza, "Siku ya kutembelewa atakuja nani?"

"Mama na mama Rehema."

"Mama Rehema ni ndugu yenu?"

"Hapana, ni wa mama. Wanalala chumba kimoja."

Yule mama wala hakushtuka. Hapo ndipo niliposhtuka mimi! Akanigeukia, "Mzee wetu, nafasi ipo. Ila mlezi uandikwe wewe, na hao wawili wasikanyage hapa. Shule yetu ina maadili." Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni. Nani alimtangulizia habari? Namshuku mchungaji wa Soweto, siku hizi ananisalimia huku kanishika bega kama nimefiwa. Namshuku hata dada yangu.

Nilivyomweleza binti, akasimamisha cherehani. "Baba, leo ndiyo umejua?"

"Sijui kitu. Nasema habari ya shule mimi."

Rehema akadakia, "Mpelekeni tu. Mimi nitabaki nyumbani." Nikamshuku na yeye, mtu gani anakubali haraka hivyo? Kumtazama, analia.

Binti akasema, "Ukiandikwa wewe, Baba, basi na kwangu usikanyage. Sitamfundisha mwanangu kunikana."

Jana mtoto kanishika mkono, "Babu, kwani nilijibu vibaya?" Mimi ninayejibu watu wote sokoni, nikamtuma akaniletee maji ya kunywa.

Jumatatu shule wanataka jibu. Nikikubali, nimempoteza binti. Nikikataa, mtoto amekosa shule na atajua ni kwa mdomo wake. Semeni wenzangu, ila mwanangu msimtukane, hiyo kazi niachieni mimi. Niandikwe au nisiandikwe?