Ofa ya biskuti kwenye duka kubwa la jumla Mwanza: tulilipa kwanza, tukaonja baadaye

Jumamosi, saa 2:40 asubuhi, mimi na mke wangu tulipita geti la duka moja kubwa la jumla hapa Mwanza. Balaa lilianzia hapo.

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa na hasira hii wiki nzima nikijiambia nisiandike nikiwa bado nachemka. Nimeshindwa kupoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Chumvi sitaongeza, yaliyotokea yanatosha. Jina la duka sitalitaja, maana wakili sina.

Kwanza mnielewe. Kazi yangu ni kufunga madirisha ya aluminiamu, tunaishi Buswelu. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, na sinunui kitu bila kugawa bei kwa uzito wake. Mke wangu, Mama Koku, anauza vitafunwa nje ya shule ya msingi ya huku kwetu: biskuti, karanga, kashata, bisi. Mtaji wake ni ule ule unaozunguka. Ukikwama wiki moja, nyumbani tunausikia kwenye sufuria.

Miaka yote ananunua Mabatini, kwa muuzaji wa jumla tunayemwita Shemeji kwa sababu ameoa ukoo wa mke wangu. Pale wana utaratibu wao. Ukitaka katoni, Shemeji anaifungua, anatoa paketi moja, anaipasua, mnakula. Wewe, yeye, na yeyote aliyesimama karibu. Mkiridhika ndipo bei inazungumzwa. Wanaiita paketi ya kuonja.

Mimi niliuona utaratibu ule ni wa kupoteza muda. Na paketi.

Sasa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu. Nikasikia kwenye duka lile kubwa katoni ya biskuti zile zile ni 11,500. Kwa Shemeji ni 14,400, paketi 96. Yaani paketi moja kwa Shemeji ni shilingi 150. Kwa katoni nane unaokoa 23,200. Nikamwonyesha mke wangu kwenye kalkuleta ya simu.

"Baba Koku, mimi na Shemeji tumezoeana," akasema.

"Mazoea hayapunguzi bei."

Akachukua mkoba.

Nisiwe mchoyo kwa sababu ya hasira: duka lile lina vitu vya kununua. Mchele wa mfuko wa kilo 25 nilikwenda na mizani yangu ya kuning'iniza, ukatimia. Hiyo ni tofauti na sado, kopo la kupimia la sokoni, ambayo inategemea mpimaji ameamkaje. Maharage ya njano hayana mawe. Sukari, tambi, mafuta ya dumu la lita 20, chukueni bila wasiwasi. Karanga msichukue, za barabarani kule Magu ni nzuri zaidi na bei iko chini. Dagaa ndiyo kabisa. Mtu anaishi kando ya ziwa, mwalo wa wavuvi uko pale, halafu ananunua dagaa wa pakiti kwenye kiyoyozi? Hapana.

Tukafika kwenye biskuti. Mlima mzima wa katoni, juu karatasi nyekundu: OFA. Ubavuni mwake, mifuko ya sabuni ya unga imepangwa hadi karibu na dari. Niliiona. Nilipita katikati na toroli, bega langu likaigusa.

Mama Koku akasimama. Akanusa. Akamwita dada mmoja wa pale dukani.

"Mwanangu, nifungulie moja nionje."

"Mama, hapa hatuonji. Hapa sio sokoni."

"Nachukua katoni nane, unaninyima kipande kimoja?"

"Ukishalipa utaonja zote."

Watu kwenye foleni wakacheka. Nikamwambia mke wangu twende, tarehe nimeshaangalia, bado miezi saba. Tukalipa 92,000 za biskuti, tukaondoka.

Jumatatu nilikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtu, simu ikaita. Mama Koku halii ovyo, wakuu. Siku hiyo sauti yake ilikuwa nyembamba.

Ilikuwa muda wa mapumziko. Watoto wamenunua kwa kasi, shule imefunguliwa, wana hela za kutoka likizo. Mmoja akatafuna, akatema. Wa pili akatema. Wa tatu akapaza sauti, "Mama, hii inatoa povu!" Basi mnawajua watoto. Mwingine akaanza kujifanya anapuliza mapovu hewani. Dakika chache uwanja mzima unaimba: Mama Sabuni, Mama Sabuni.

Akaanza kurudisha hela. Alikuwa ameuza paketi 61. Akarudisha hela za paketi 73, kwa sababu watoto wa Buswelu wana akili kuliko sisi tuliowazaa.

Mwalimu wa zamu akatoka. Ni mama mmoja mkali lakini mwenye haki.

"Mama Koku, kwa leo funga. Na usirudi hapa mpaka nijue umewalisha nini watoto wa watu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa. Hela inatafutwa. Lakini lile eneo nje ya geti la shule mke wangu amekaa miaka tisa, na wapo wanaolitamani. Ukitoka wiki mbili, unarudi unakuta meza ya mtu.

Jioni nikapasua paketi mwenyewe. Biskuti ngumu, ya kukauka vizuri, tamu. Halafu inakuja harufu ya shati lililotoka kwenye kamba. Ukimeza, inabaki kooni. Nikafungua katoni zote nane, paketi moja moja. Zote hivyo hivyo. Nikasoma: biskuti ina mafuta, na mafuta yanavuta harufu ya jirani yake hata kupitia karatasi. Kila mama mwenye kabati dogo jikoni analijua hilo. Wenye duka la ukubwa ule hawalijui? Wanalijua. Ndiyo maana ikawa OFA.

Jumanne tukakodi bajaji, tukazirudisha zote.

Meneja ni kijana mdogo, shati jeupe, adabu mpaka inakera.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba."

"Shikamoo mama. Karibuni sana. Tatizo ni nini?"

Nikaeleza. Akaisoma risiti, akaweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo: bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi.

"Tungejuaje bila kufungua?" nikamuuliza.

"Ndiyo utaratibu, mzee wangu."

"Na kabla ya kulipa, ningeruhusiwa kufungua?"

"Hapana, hairuhusiwi."

"Kwa hiyo kabla sijalipa siruhusiwi kujua, na nikishalipa na kujua, haturudishiani."

"Mzee wangu, mimi sikutunga."

Nikatoa paketi, nikaipasua, nikamwekea mezani. "Kula moja mbele yangu. Ukiimaliza, naondoka na katoni zangu na sitarudi."

Akasema ana tatizo la sukari. Keshia akasema jino linamuuma. Yule dada wa Jumamosi alikuwepo, akasema amefunga. Mama Koku akamtazama. "Mwanangu, si ulisema tukishalipa tutaonja zote? Njoo tuonje." Dada akajikuta ana kazi stoo.

Mlinzi wa mlangoni, mtu mzima kama mimi, akasogea. "Leteni kwangu, sijanywa chai." Akatia mdomoni. Akatafuna mara mbili. Akatoka nje, tukamsikia anatema. Akarudi anajifuta. "Bosi, hii ni ya kufulia."

Foleni yote ikaangua kicheko. Meneja akabadilika rangi, akashusha sauti. Sikilizeni alichosema, kwa sababu hapa ndipo nilipokaribia kufanya jambo la kunipeleka kituoni.

Akasema hela hawezi kurudisha, ila kwa kutujali sisi wateja, atatupa zawadi ya katoni moja ya sabuni ya unga.

Mama Koku akamjibu bila kupandisha sauti. "Baba, sabuni mmeshatupa. Iko ndani ya biskuti."

Tulipokuwa tunatoka, ule mlima ulikuwa pale pale, karatasi nyekundu juu, sabuni ubavuni. Mama mmoja alikuwa anapakia katoni mbili kwenye toroli. Nikamwambia nusa kwanza, dada. Akanusa, akazirudisha. Meneja akamwagiza mlinzi atutoe. Akatutoa, yule yule aliyetema. Akatusaidia na kupakia kwenye bajaji.

Mbili kati ya katoni zile tumempa jirani anayefuga nguruwe. Hajasema lolote mpaka leo, na mimi sijathubutu kumuuliza.

Jumatano asubuhi tukaenda Mabatini. Nilitamani nibaki nje.

"Mama Koku!" Shemeji akaanza. "Huko kwenye kiyoyozi walikupa na soda? Baba Koku naye ameshuka leo, karibu. Samahani, hapa ni joto."

Kumbe habari ilishafika. Alitutania mpaka wapagazi wakashika matumbo. Halafu akafungua katoni, akapasua paketi, akanipa mimi wa kwanza. "Onja. Hapa hatufichi kitu." Nikala, nikiwa nimesimama kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Ilikuwa na ladha ya biskuti. Tukachukua katoni mbili, ndicho kilichobaki kwenye mtaji.

Alhamisi nikaacha kazi, nikamsindikiza shuleni kabla ya mapumziko. Wazo lilikuwa lake. Hakuingia na maelezo. Alimwita mwalimu wa zamu getini, akamkabidhi katoni ikiwa imefungwa.

"Mwalimu, fungua wewe. Chagua yoyote. Mimi nitakula ya kwanza."

Mwalimu akachagua ya chini kabisa. Mama Koku akala. Mwalimu naye akala, taratibu, kama anasahihisha mtihani. Kengele ikalia, watoto wakaja mbio, wakatuzunguka. Mama Koku akampa moja mtoto yule yule wa povu. Mtoto akatafuna, akapuliza hewani. Akapuliza tena. Akasema, "Hamna."

Mwalimu akakung'uta makombo mikononi. "Weka meza yako, mama."

Jina la Mama Sabuni limebaki, wakuu. Nadhani atazeeka nalo. Na sasa watoto wamemwekea sheria: kila siku kabla ya kuuza, paketi moja inapasuliwa mbele yao, wanagawana vipande. Hanung'uniki wala hanuni, anasema ndiyo kodi ya eneo.

Nilichojifunza nakiandika kwa ufupi. Kitu kikavu kisichonusa, kama mchele, maharage na sukari, nunua popote kwenye bei nzuri, pima uzito. Chakula chenye mafuta ndani yake, biskuti, karanga za kukaanga, kripsi, angalia kimelala na nani. Na mahali wanapokukataza kuonja, usitoe hela, hata karatasi iwe nyekundu kiasi gani.

Mliowahi kukutana na hili, iwe Mwanza au kwingine, wekeni uzoefu wenu hapa chini. Na kama kuna anayejua pa kupeleka malalamiko ya namna hii yakasikilizwa, anielekeze, risiti ninayo.

Hesabu ya mwisho, anayetaka airudie: biskuti 92,000, hela za watoto zilizozidi (paketi 12 kwa 200) 2,400, bajaji kwenda na kurudi 12,000. Nikitoa 8,000 nilizookoa kwenye mchele na mafuta, na siku za mke wangu kukaa nyumbani nikiziacha bila bei, niliyekwenda kuokoa shilingi 23,200 nimepoteza shilingi 98,400.