Yai Lenye Baba

Kisa hiki alinisimulia mama, juma lile tulilomzika shangazi. Shangazi alifuga kuku wa kienyeji mtaani Walukuba, na mayai aliyauza mwenyewe mlangoni. Ndiyo yaliyomlisha.

Siku moja afande mmoja, mteja wake mkubwa, alishika yai kwa vidole viwili.

“Mama, yai hii ni dogo. Ya dukani ni kubwa, na bei yake chini. Punguza bwana, ama mimi sirudi tena.”

Shangazi alilichukua yai taratibu, akainama, akalisukuma chini ya kuku aliyekuwa akiatamia.

“Afande, ya dukani haina baba. Yangu usipoinunua, itakuwa kuku. Nipunguze ya nini?”

Afande alicheka hadi akavua kofia. Alilipa bei kamili, lakini mayai hakuyala. Aliyapeleka kwake Wanale kuatamishwa.

Siku hizi amestaafu, naye anauza mayai. Mwezi uliopita nilimwomba anipunguzie, nikamtajia shangazi.

“Ndiyo maana sipunguzi,” alisema.

Nililipa nikiwa nimejaa fahari. Shangazi na mama wametangulia. Afande angali hai, na ile bei pia.